The Thing ya 1982 na ya 2011: kwa nini hofu haikurithiwa

SWALI: Nilianza na The Thing ya mwaka 2011 kwa sababu hadithi yake ndiyo inayotangulia, kisha nikaitazama ya 1982. Hiyo mpya ina picha safi, ina kasi na ina madude mengi zaidi, lakini niliisahau kabla hata sijapanda kitandani. Ya zamani ina sanamu za mpira ambazo naona wazi kuwa ni mpira, na bado ilininyima usingizi. Kaka yangu anasema hiyo ni kasumba tu ya kusifu vya kale. Je, ni kweli? Na kama si kweli, hii mpya imekosea wapi hasa, ilhali inaonekana walioitengeneza walijituma?

JIBU: Dada yangu, nianze na kaka yako, maana hoja yake isipojibiwa itatusumbua njia nzima. Zipo kweli filamu za zamani tunazozisifu kwa sababu tu tulizikuta zikisifiwa. The Thing ya John Carpenter haikubebwa hivyo. Ilipotoka tarehe 25 Juni 1982 ilipigwa mawe. Wiki mbili kabla yake watu walikuwa wamempenda yule mgeni mpole kutoka angani wa filamu ya E.T., wakatoka kumbini wakifuta machozi. Sasa wanaletewa mgeni anayepasua vifua. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 15 iliambulia milioni 19 na ushei katika kumbi za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha kama hizo hubaki kwa wenye kumbi. Wahakiki wengi waliiona uchafu mtupu, na Carpenter akaikosa kazi ya kuongoza filamu ya Firestarter iliyokuwa mkononi mwake. Heshima ya leo ilikuja polepole, kupitia kanda za video na televisheni, watu wakiirudia nyumbani na kuona yaliyowapita mara ya kwanza. Kasumba ya vya kale ingewafanya waisifu tangu mwanzo. Hawa walianza kwa kuichukia.

Tena, baadhi ya waliomshambulia Carpenter walikuwa wakitetea vya kale vyao wenyewe. Mwaka 1951 Howard Hawks alikuwa ametoa The Thing from Another World, ambamo mgeni ni jitu moja refu, aina ya mmea unaotembea na kunywa damu. Ni filamu nzuri, ina mazungumzo ya haraka na watu wenye akili, lakini iliacha kando wazo kuu la hadithi iliyoizaa: Who Goes There? ya John W. Campbell, iliyochapishwa mwaka 1938, ambamo kiumbe anaweza kuwa mtu yeyote kati ya waliomo chumbani. Carpenter na mwandishi wake wa mswada, Bill Lancaster, walirudi kulichukua wazo hilo lililoachwa. Kwa hiyo hata yeye alijenga juu ya kiwanja cha mwingine, na hakuna ubaya wowote katika kufanya hivyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu silaumu filamu ya 2011 kwa kurudi Antaktika. Naiangalia ilirudi kuchukua nini.

Kwa ajili ya wasomaji wengine, nieleze kwa ufupi, nikitahadharisha kwamba nitataja miisho ya filamu zote mbili. Ya 1982 inatuweka kwenye kambi ya watafiti wa Marekani, wanaume kumi na wawili, majira ya baridi yakianza. Helikopta ya Wanorwe inamfukuza mbwa kwenye theluji, mtu mmoja akimpiga risasi bila kumpata. Wanorwe wote wawili wanakufa hapo hapo kambini, mmoja kwa guruneti lake mwenyewe na mwingine kwa risasi ya Wamarekani, na mbwa anapokelewa ndani. Mbwa huyo ni kiumbe kutoka angani anayemmeza aliye hai na kuwa nakala yake kwa sura, sauti na tabia. Ya 2011, iliyoongozwa na Mholanzi Matthijs van Heijningen Jr. kwa mswada wa Eric Heisserer, inasimulia yaliyowapata Wanorwe kabla ya helikopta ile kuruka.

Ninavyoona mimi, matatizo ya hii mpya yanatoka kwenye shina moja. Ya Carpenter inakutisha kwa shaka; hii inakutisha kwa kukimbizwa. Mengine yote, hata lile la picha za kompyuta ambalo watu hulitaja kwanza, ni matawi tu.

Mtazame kiumbe wa 1982 anavyoishi. Hana hamu ya kupigana. Anataka kukaa kimya, kungoja, na kuondoka barafuni akiwa ndani ya sura ya mtu. Blair, mwanabiolojia wa kambi, anakaa mbele ya kompyuta yake na kupata hesabu inayomtoa akili: kiumbe huyu akiwafikia watu wengine duniani, saa 27,000 zinatosha kuwamaliza wote. Hiyo ni miaka mitatu na kidogo. Mwenye lengo kubwa namna hiyo hana sababu ya kujionyesha, na kweli hajionyeshi mpaka abanwe au adhani hakuna anayemwona. Usiku wa kwanza mbwa yule anatembea peke yake kwenye korido, bila haraka, akichungulia vyumba. Anaingia kwenye chumba kimoja, tunaona kivuli cha mtu ukutani kikigeuka, picha inakatwa. Ni nani yule? Carpenter hakusema, na kivuli chenyewe hakifanani na mtu yeyote waziwazi. Kuanzia sekunde ile mtazamaji anajua kwamba mmoja wao ameshaondoka, na hajui ni yupi. Hapajamwagika tone la damu.

Au mchukue Norris. Ni mtu mtaratibu, anashikashika kifua, hasemi sana. Wenzake wanapotafuta kiongozi mpya jina lake linatajwa, naye anakataa kwa unyenyekevu, anasema hataweza. Baadaye anaanguka, daktari Copper anamwekea mashine ya kushtua moyo, kifua kinafunguka kama mdomo na kuikata mikono ya daktari. Watu hukumbuka mdomo ule. Mimi kinachonikaa ni kile kikao cha kuchagua kiongozi. Je, alipokuwa akikataa alikuwa bado Norris? Kama hakuwa, basi alikuwa nakala inayojua unyenyekevu unavyofanana. Na kama alikuwa bado mtu, alibadilika lini, na nani alikuwa naye? Filamu haitoi jibu. Inakuachia kazi hiyo, na ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya kitandani usiku ule ulipokosa usingizi.

Halafu njoo kwenye kipimo cha damu. MacReady, rubani aliyechezwa na Kurt Russell, amefikiri hivi: kama kila kipande cha kiumbe huyu ni mnyama kamili anayetaka kuishi, basi hata damu yake itakimbia moto. Anawafunga wenzake kamba, anachukua damu ya kila mmoja kwenye kisahani, anapasha waya na kuuchovya. Hapo kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipita haraka. Muda mfupi kabla ya hapo MacReady amempiga risasi Clark, mtunza mbwa, aliyemvamia kwa kisu. Damu ya Clark inapimwa, haifanyi kitu. Clark alikuwa mtu. Maana yake ni kwamba MacReady, ambaye tumemfuata tangu mwanzo, ameua mwenzake asiye na hatia, na mwenzao Childs anamwambia hilo usoni. Kipimo kinaendelea huku tukiwa hatujui tena tumwamini nani, na jibu linaporuka kutoka kisahanini linatoka mahali ambapo MacReady mwenyewe hakuwa akipatazama, kwa sababu alikuwa akibishana na mtu mwingine. Dakika zile zina chumba kimoja, kochi moja na waya mmoja. Tisho lote limejengwa na hoja.

Sasa mlinganishe na ndugu yake wa 2011. Kiumbe ni yuleyule, na tunajua kutokana na filamu ya kwanza kwamba ni mvumilivu na mwerevu. Lakini tazama anachofanya kwenye helikopta. Kuna mgonjwa ndani ambaye kila mtu anamshuku, na kuna Griggs, ambaye hakuna anayemshuku. Kate Lloyd, mtaalamu wa visukuku aliyechezwa na Mary Elizabeth Winstead, anapunga mikono kutoka chini, rubani anataka kurudi kutua. Griggs alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kushuka na wenzake na kungoja. Badala yake anafunguka uso hewani na helikopta inaanguka nyuma ya milima. Kwa sekunde kadhaa inashangaza, kwa sababu tulikuwa tukimwangalia yule mgonjwa. Ukiifikiria baadaye, kiumbe amejiangamiza bila sababu. Kisha Edvard, mkuu wa kambi, anabebwa akiwa hajitambui mpaka sebuleni, anapasuka mbele ya watu wote, anaungana na kijana mwingine kuwa mwili mmoja, na dude hilo linaanza kuzunguka korido na jikoni kuwasaka waliobaki. Toka hapo unatazama filamu ya mnyama mla watu. Ziko nyingi, na nyingine ni nzuri, lakini hofu yake ni ya miguu: ukikimbia haraka unapona. Mtu anayekaa karibu nawe mezani na kukuuliza umelalaje humkimbii.

Pwani yetu, Tanga mpaka Mombasa, watu wamekua na simulizi ya mwanamke mrembo anayekutana na mwanamume usiku, wakatembea na kuzungumza, hata jamaa akateremsha macho na kuona kwato. Simulizi ile ni kali mpaka zinapoonekana kwato. Baada ya hapo kilichobaki ni mbio. Carpenter alitengeneza filamu nzima ambamo kwato hazionekani. Filamu ya 2011 haikuweza kuvumilia hivyo. Ikampa kiumbe alama.

Alama yenyewe, niseme haki, imebuniwa vizuri. Kate anagundua kwamba kiumbe hawezi kunakili kisicho hai, kwa hiyo vyuma vya kuziba meno hutemwa nje. Anawasimamisha wanaume mstari, anashika tochi na kuwaangalia vinywani. Mwenye jino lililozibwa kwa chuma ni mtu. Asiye nalo, huenda ana meno mazima tu, huenda si mtu. Angalia uzuri wake: kipimo hiki hakiwezi kumtia mtu hatiani, kinaweza tu kumwachilia, na mwenye meno mazuri ndiye anayebaki na kesi. Kwa dakika chache filamu inasimama yenyewe bila kuegemea ya 1982. Mkuu wa kambi na mwanasayansi mkubwa wanatupwa upande wa washukiwa na msichana mgeni, na unaona fahari yao ikiumia. Hapo ndipo filamu ingetulia. Ingekaa na watu hao wanne wasio na jino la chuma, ikawaacha wajitetee, wasutane, waanze kukumbushana nani alikuwa na nani saa ngapi. Haikukaa. Wanaume wawili waliokuwa wamefungiwa nje wanavunja na kuingia, bunduki zinalia, mtungi wa mtambo wa kurusha moto unalipuka, na kipimo kinasahaulika. Mwaka 1982 kipimo kilivunjwa na jibu lake. Mwaka 2011 kimevunjwa na waandishi walioona ni muda wa mlipuko.

Na mwishoni kabisa alama inarudi. Kate yuko ndani ya gari la theluji na Carter, rubani wa Kimarekani. Kate anamtajia hereni aliyokuwa akiivaa, Carter anapeleka mkono kwenye sikio ambalo halikuwa la hereni, Kate anamchoma moto. Tumejua, yamekwisha. Linganisha na MacReady na Childs wameketi kwenye magofu yanayoungua, chupa moja ya wiski kati yao, kila mmoja akimtazama mwenzake bila njia yoyote ya kujua. Miaka zaidi ya arobaini imepita na watu bado wanabishana kuhusu pumzi, koti na chupa ile. Kuhusu hereni hakuna mjadala wa namna hiyo, kwa sababu filamu imeshajibu swali kabla hujaliuliza.

Shaka inahitaji pia watu unaowajua. Huwezi kumshuku mtu ambaye humtofautishi na mwenzake. Carpenter ana wanaume kumi na wawili na hawapi hotuba za kueleza maisha yao. Anawapa kazi na tabia. Nauls mpishi anazunguka na viatu vya magurudumu na hapunguzi muziki hata akiombwa. Clark hana haja na watu, ana mbwa wake. Palmer anavuta bangi. Garry ana bastola kiunoni na funguo za kila kitu, na ndiyo maana mambo yakiharibika anashukiwa wa kwanza. MacReady anashindwa mchezo wa sataranji na kompyuta, anaimwagia wiski. Katika robo saa unamjua kila mmoja, na baadaye mmoja wao akinyamaza kidogo kuliko kawaida yake unashtuka.

Wanorwe wa 2011 walichezwa wengi wao na waigizaji wa kweli wa Norwe, tena hodari. Kristofer Hivju na Trond Espen Seim wamo. Wanazungumza lugha yao, jambo ninalolisifu bila kusita. Lakini mswada umewaacha wakiwa ndevu na majina. Jitihada zote zimeelekezwa kwa Kate na kwa marubani wa Kimarekani, ambao hadithi ya 1982 haikuwadai kabisa. Hili linaniuma kuliko kasoro nyingine, kwa sababu kulikuwa na hazina hapo. Lars hajui Kiingereza. Wengine wanakijua nusu nusu. Tunakumbuka kwamba katika filamu ya kwanza yule Mnorwe aliyeshuka na bunduki alipiga kelele kwa lugha yake, akisema waziwazi kwamba yule si mbwa, na Wamarekani hawakuelewa neno, wakamuua mtu pekee aliyekuwa na habari ya kuwaokoa. Maangamizi yote ya 1982 yalianzia kwenye lugha. Anayejua kukaa mezani na watu wanaozungumza lugha asiyoijua, wakacheka, wakamtazama, wakaendelea, anaelewa ni shaka ya aina gani ingeweza kujengwa kwenye kambi ile. Ingewezekana hata kuifanya filamu nzima kwa Kinorwe. Filamu iliyopatikana inaigusa hali hii mara mbili tatu kisha inaiacha.

Umeniuliza walikosea wapi ilhali walijituma. Kujituma walijituma sana, na ushahidi uko wazi. MacReady na Copper walipoitembelea kambi ya Wanorwe mwaka 1982 waliona vitu vichache: shoka lililopigwa ubaoni na kuachwa, bonge la barafu lililobaki tundu katikati, maiti yenye nyuso mbili zilizoyeyukiana, na mtu aliyeganda kitini akiwa amejikata koo. Watu wa 2011 waliupitia mkanda ule picha kwa picha ili kila kitu kikae mahali pake, na kweli utaona shoka lilivyofika pale na nyuso mbili zilivyopatikana. Ni kazi ya uaminifu. Lakini ziara ile ya 1982 ilitisha kwa sababu ya mapengo. Wewe mtazamaji ndiye uliyeisimulia kichwani, na kila mmoja alijisimulia kwa kipimo cha hofu yake. Filamu inayokuja kuyaziba mapengo hayo inalazimika kutoa kilicho kikali kuliko ulichokuwa umejiwazia. Ni sharti gumu mno, na hapa halikutimizwa.

Chukua yule mtu wa kitini. Kwangu mimi ndiye picha ya kutisha kuliko zote katika kambi ile, maana hakuuawa na kiumbe. Alifikiri, akapima, akaamua kwamba ni afadhali kufa akiwa yeye. Swali la filamu nzima limo ndani ya uamuzi wake: utajuaje kwamba wewe bado ni wewe? Filamu inayosimulia siku za Wanorwe ingeweza kujengwa kuelekea dakika ile. Mtu huyo mwaka 2011 anaitwa Colin, na tunamwona mwishoni, ameshakufa, kwa muda mfupi, wakati majina ya watengenezaji yanapita na helikopta inakuja. Safari yake ya kufika kwenye kiti kile hatuoneshwi. Shoka lilipewa historia yake, na mtu huyu akanyimwa yake.

Jambo jingine ni kwamba watayarishaji waliamua kutoitengeneza upya ya 1982, wakachagua kusimulia yaliyotangulia. Hata hivyo ukizipanga hatua utaona ni zilezile: kiumbe analetwa ndani, mwili unapasuliwa mezani, mtaalamu anaona seli zikijinakili, wanakusudia kupima damu, vifaa vya kupimia vinaharibiwa, kinabuniwa kipimo kingine, moto unamaliza kazi. Mtazamaji aliyeiona ya kwanza yuko hatua mbili mbele ya wahusika muda wote. Na wewe uliyeanza na hii, kinyume chake, uliiona ramani kabla ya safari, na bado ya 1982 ikakushinda nguvu. Mpe kaka yako ushahidi huo.

Sasa mpira na kompyuta. Nimeuchelewesha mjadala huu makusudi. Madude ya 1982 yalitengenezwa na Rob Bottin, kijana wa miaka 22 hivi alipoanza kazi, aliyejitesa kwa zaidi ya mwaka mpaka akaishia kulazwa hospitali kwa uchovu. Stan Winston aliitwa kumsaidia kwenye ile sehemu ya banda la mbwa. Walitumia mpira, mitambo, na vitu vya dukani kama mayonezi, mahindi ya kopo na jojo zilizoyeyushwa. Unaona kwamba ni mpira, nami naona. Lakini mwanga wa chumba unaliangukia dude lile kama unavyomwangukia mtu aliyesimama kando yake, na ute unang'aa kwa taa ileile. Waigizaji wanakiangalia kitu kilichopo. Na kubwa zaidi, sanamu ya mpira ina upande mmoja tu unaofaa kupigwa picha, haiwezi kukimbia, haiwezi kuonekana mchana mweupe. Kwa hiyo Carpenter na mpiga picha wake, Dean Cundey, walilazimika kuificha, kuionyesha kidogo, kuizungushia giza. Udhaifu wa chombo ukaungana na wazo la filamu: kiumbe asiyetaka kuonekana, kwenye filamu isiyoweza kumwonyesha sana.

Mwaka 2011 walikuwa na sanamu pia. Kampuni ya Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. ilizitengeneza, zikaletwa mbele ya kamera na waigizaji wakaigiza nazo. Baadaye, wakati wa kuhariri, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifunikwa kwa picha za kompyuta. Ukitafuta video za majaribio ambazo mafundi hao waliziweka hadharani utaumia moyo, kwa sababu yaliyofichwa ni mazuri kuliko yaliyoonyeshwa. Hata mwisho ndani ya chombo cha angani ulibadilishwa. Kiumbe rubani aliyekuwa ametengenezwa akaondolewa na mahali pake pakawekwa mwanga wa vijipande vinavyoelea. Kompyuta ilimpa mwongozaji uwezo wa kulionyesha dude lote, kwenye mwanga, likikimbia, na uwezo huo ukatumika. Ndiyo maana nasema ni tawi. Aliyeamua kwamba hofu ni kukimbizwa atataka dude linalokimbia, na mpira haukimbii.

Usidhani basi kwamba mpira peke yake ungeiokoa. Gillis na Woodruff walichangisha fedha kwa mashabiki wakatengeneza Harbinger Down ya mwaka 2015, iliyojaa sanamu za mkono bila kufunikwa. Ufundi ni wa hali ya juu, nami nawaheshimu kwa moyo wote. Filamu yenyewe haikai kichwani, kwa sababu watu waliomo ndani yake hawana cha kushukiana kinachokugusa.

Muziki nitaugusa kidogo tu. Ennio Morricone aliipa ya 1982 mapigo mawili mazito yanayorudiwa, kama moyo wa mtu aliyelala, na kimya kirefu kati yake. Muziki wa Marco Beltrami katika ya 2011 umetungwa kwa ustadi lakini mara nyingi unatangulia kukuambia kwamba sasa ushtuke. Anayeambiwa ashtuke hushtuka mwili, akili ikabaki imekaa.

Nakushauri uzirudie zote mbili, safari hii ukianza na ya 1982, na kaka yako akae nawe. Ya 2011 mwonyeshe dakika za tochi na meno, asije akadhani unaionea. Kwenye ya 1982 mwambie amfuate Palmer kwa macho tangu mwanzo, bila kumweleza kwa nini. Kile kichwa cha Norris kinapoota miguu na kutaka kutoroka sakafuni, wote wakiwa wamegeukia upande mwingine, Palmer ndiye anayekishangaa kwa sauti, kikachomwa. Muda si mrefu damu ya Palmer inaruka kisahanini. Muulize kaka yako kwa nini kiumbe alimchongea kiumbe mwenzake, kisha umwache abishane nawe mpaka usiku.